Nimekataa kutia saini barua ya jumuiya, sasa naitwa mtetezi wa wauaji

Jambo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya huku Katuba, Lubumbashi. Nimeolewa, tuna watoto wanne. Mimi ni Mkatoliki tangu ubatizo, bwana yangu ni Mmetodisti. Tangu tuoane kila mmoja anasali kwao, Noeli tunakula pamoja, na hatujawahi kugombana juu ya kanisa. Mwaka huu tumegombana.

Katika jumuiya yetu ya avenyu ililetwa barua ya kutiwa saini. Haikutoka kwa askofu, na paroko hakuisoma kanisani. Iliandikwa na wazee wachache wa jumuiya pamoja na kundi la sala la kanisa moja la uamsho, na wanasema wataipeleka Kinshasa kwa wadepite, yaani wabunge. Inaomba mambo matatu. La kwanza, Kongo ijitoe katika Protokali ya Maputo, ule mkataba wa Afrika juu ya haki za wanawake. La pili, korti zimfunge kila mwanamke aliyetoa mimba, hata kama mimba ilitokana na kubakwa. La tatu, na hapo ndipo roho yangu iligoma, kila kituo cha afya kipeleke polisi majina ya wanawake wanaofika wakitokwa damu kwa mimba iliyoharibika.

Kalamu ilizunguka haraka, watu walitaka kwenda kupika. Ilipofika kwangu niliomba nichukue barua nikaisome nyumbani. Watu wakanyamaza. Kiongozi wa jumuiya akaniuliza mbele ya wote: "Mama, wewe unatetea nini?" Sikujibu. Nilirudisha karatasi, nikatoka.

Nikueleze kwa nini. Kabla ya hapo, nikiwa zamu ya usiku, mama mmoja alituletea binti yake wa miaka 15. Alisema ni malaria. Binti alikuwa amejifunga kitenge kilichokunjwa mara nne katikati ya miguu, na kitenge chote kilikuwa kimelowa. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Nilipomwinamia nipime presha, alininong'oneza kwamba alikunywa mizizi aliyopewa na bibi mmoja sokoni, pamoja na vidonge vingi vya kwinini. Tulimwekea seramu, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Dereva wa taksi alikataa kuondoka mpaka tutandike plastiki kwenye kiti na tumlipe kwanza. Tulichangishana mfukoni, mimi, mlinzi na mwenzangu wa maabara. Binti alipona. Mimba ilikuwa ya mpangaji wa lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba yao, mtu mzima, ambaye alishakimbilia Kolwezi kwenye migodi.

Aliporudi kwetu kupimwa, aliniuliza: "Mama, Mungu anaweza kunisamehe mimi?" Nikajifanya natafuta sindano kwenye kabati.

Mama, siungi mkono kutoa mimba. Mwaka wa pili wa ndoa yangu mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi minne, na najua nilichopoteza. Lakini ile barua siwezi kuitia saini.

Bwana yangu anataka kugombea udepite wa jimbo mwaka 2028. Ameanza kuzungukia makanisa, Wakatoliki, Wametodisti, watu wa uamsho. Anasema watu wa Lubumbashi wanabishana juu ya kila kitu, hata timu za Mazembe na Lupopo, lakini juu ya jambo hili wote ni sauti moja, na mimi peke yangu namharibia. Anasema hata Marekani wenyewe wamefuta haki ya kutoa mimba. Kila usiku ni neno moja tu: "Tia saini, ni karatasi tu."

Halafu kwenye kundi la wasap la jumuiya mtu akaandika kwamba katika avenyu yetu kuna muuguzi anayetetea wauaji. Hakutaja jina. Binti yangu mkubwa aliusoma ujumbe huo kwenye simu ya rafiki yake shuleni.

Naomba unijibu. Je, ninatenda dhambi nikikataa? Kiongozi wa jumuiya amesema asiyetia saini asiende komunyo. Na sheria inasema nini kweli? Maana kazini mkuu wetu wa kituo anasema kutoa mimba ni jela kwa kila mtu, na daktari kijana anasema tangu 2018 aliyebakwa ana haki. Bwana yangu nimwambie nini? Na yule binti nimjibu nini?

Muuguzi wa Katuba

*

Mama muuguzi,

Usitie saini. Natanguliza hilo ili uyasome mengine ukiwa umetulia.

Nianze na jambo la tatu la ile barua, kwa sababu ndilo linalogusa mikono yako mwenyewe. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe. Wewe unafahamu hayo kuliko mimi. Na unafahamu kwamba mwanamke akifika anatokwa damu, mara nyingi hakuna muuguzi wala daktari anayeweza kumtazama akasema kwa uhakika hii imetoka yenyewe, hii imetolewa. Kwa hiyo orodha hiyo ya polisi ingekuwa na majina ya wanawake wote, na jina lako, mwaka wa pili wa ndoa yako, lingeandikwa humo. Mama waliotia saini wakiwaza chakula cha jioni hawakuambiwa kwamba wanajiandikisha wenyewe na binti zao. Waambie.

Tena, kutoa majina hayo ni kosa kwako. Kifungu cha 73 cha Code pénal ya Kongo, yaani sheria ya makosa ya jinai, kinamwadhibu mtu anayetoa nje siri aliyoipata kwa kazi yake. Ni sheria hiyohiyo wanayoitaka itumike kwa ukali! Na matokeo yake hayahitaji utabiri: siku wanawake wakijua kwamba kituo kinapeleka majina polisi, wataacha kuja. Yule binti mwenye kitenge kilicholowa angebaki chumbani kwao, na mama yake angeendelea kusema ni malaria mpaka asubuhi.

Sasa sheria. Mkuu wako wa kituo na yule daktari kijana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Code pénal yetu ni ya tarehe 30 Januari 1940, wakati wa Wabelgiji. Kifungu cha 165 kinampa anayemtoa mwanamke mimba miaka 5 hadi 15 ya kifungo. Kifungu cha 166 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 5 hadi 10. Vifungu hivyo havijafutwa, na ndivyo mkuu wako anavyovikumbuka. Lakini nchi yetu iliingia katika Protokali ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake uliopitishwa Maputo mwaka 2003. Mwezi wa Machi 2018 mkataba huo ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mkataba uliopitishwa na kuchapishwa una nguvu kuliko sheria za kawaida. Kifungu cha 14 cha mkataba kinaruhusu mimba itolewe na waganga pale mwanamke alipobakwa, pale mimba ni ya ndugu wa damu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama, au uhai wa mama au wa mtoto aliye tumboni. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo mahakimu walitumiwa waraka wa kuwaelekeza waufuate, na baadaye wizara ya afya ikatoa miongozo kwa waganga. Nje ya hali hizo, 165 na 166 zinabaki.

Na kuna jambo ambalo watu wa lupango hawapendi kulisikia. Tangu sheria ya ukatili wa kingono ya Julai 2006, mtu mzima akilala na mtoto aliye chini ya miaka 18, sheria inaita kubaka. Hata kama alimnunulia simu. Hata kama majirani walikuwa wanawaona wakicheka pamoja na kusema ni mapenzi. Yule binti wa miaka 15 alibakwa, na mlango wa hospitali ulikuwa wazi kwake kisheria kabla hajafika kwa yule bibi wa mizizi. Hakuna mtu aliyemwambia, wala mama yake hakuambiwa, na kwenye kituo chenu nyinyi wenyewe mlikuwa bado mnabishana. Barua ya jumuiya inataka kuufunga mlango huo huo, halafu mtoto huyo apelekwe Kasapa. Mwezi wa Septemba 2020 kulitokea fujo katika gereza hilo, na kwa siku tatu wafungwa wanawake walibakwa na wafungwa wanaume. Hilo lilitangazwa dunia nzima, na sisi wa Lubumbashi tulilijua mapema zaidi. Mtu anayetaka mtoto aliyebakwa afungwe humo kwa jina la kutetea uhai, mimi nashindwa kumfuata.

Juu ya kujitoa katika Protokali nzima, uliza nani ameisoma. Ina vifungu 32. Kifungu cha 6 kinasema msichana asiolewe chini ya miaka 18. Cha 20 kinalinda wajane, cha 21 kinasema mjane apate sehemu yake ya urithi. Katika jumuiya yenu hakuna mjane aliyetolewa ndani ya nyumba na shemeji zake mara tu baada ya matanga? Lazima yupo. Maaskofu wetu wanaposema dhidi ya Maputo, wanataja kile kipande cha kifungu cha 14, na wanakipinga waziwazi, ndiyo haki yao. Kenya na Uganda ziliingia katika mkataba zikakiwekea kipande hicho pingamizi, karibu yote yaliyobaki zikayachukua. Wazee wenu hawakuomba hata hilo. Wamechukua jembe kumpigia nzi aliyetua kichwani mwa mtoto.

Umeniuliza juu ya dhambi, na hapa nataka kwenda polepole, maana naona ndipo panapokuumiza.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kutoa mimba kwa makusudi ni dhambi nzito, na halijabadilisha hilo. Sitakudanganya. Utaambiwa pia kwamba Papa Yohane Paulo II mwaka 1995 aliandika kwamba Mkatoliki haruhusiwi kuunga mkono wala kupigia kampeni sheria inayoruhusu kutoa mimba. Ni kweli aliandika. Lakini wewe umefanya kampeni gani? Umekataa kuomba kwamba watu wafungwe na kwamba wagonjwa wako watajwe polisi. Hakuna kanuni ya Kanisa inayomnyima Mkristo komunyo kwa sababu hakutia saini karatasi iliyoandikwa na wazee wa avenyu, na kiongozi wa jumuiya hana mamlaka ya kumzuia mtu yeyote kwenye altare. Nenda kwa paroko wako wewe mwenyewe, siku ya kazi, siyo Jumapili baada ya misa watu wakiwa wamejaa uani. Mwambie: "Padri, naamini Kanisa linachofundisha juu ya uhai. Nimekataa kutaja majina ya wagonjwa wangu." Sentensi hizo mbili zinatosha. Usimpelekee maneno ya wasap.

Wala usikubali mtu akuambie kwamba kumhudumia anayetokwa damu ni kushiriki. Hospitali za Kikatoliki zenyewe zinapasua mwanamke ambaye mimba yake imetunga nje ya mfuko wa uzazi, ingawa mtoto hawezi kupona, kwa sababu kinachotafutwa ni kumponya mama. Mganga ana haki ya kusema "mimi dhamiri yangu hainiruhusu kutoa mimba," na wewe ukisema hivyo nitakutetea. Damu inayomwagika ni jambo jingine. Hapo hakuna wa kukataa.

Nataka niwe wa haki pia kwa walioandika barua. Wapo kati yao wanaoona jambo la kweli. Wameona vijana na wazee wenye pesa wanaomsukuma msichana: "Toa, la sivyo sikujui." Wameona mama anayemburuta binti yake kwa mganga wa kichochoroni ili majirani wasijue. Msichana wa namna hiyo hakuchagua lolote, na makanisa yanayompokea, yanayomwekea kitanda, yanayomtafutia nguo za mtoto, yanafanya kazi ambayo serikali haifanyi. Ningetia saini ya barua inayoomba hayo kwa mikono miwili. Hasira yangu ni kwamba barua yenu haina hata mstari mmoja juu ya mwanaume. Mpangaji wa Kolwezi hayumo ndani yake.

Bwana yako anasema Lubumbashi nzima ni sauti moja. Hadharani, ndiyo. Ukiuliza watu mbele ya kanisa, utapata jibu la mbele ya kanisa. Wewe uko zamu usiku, unajua jibu la usiku. Watafiti waliofanya hesabu Kinshasa kwa mwaka 2016 walikadiria kwamba mwaka huo mimba zaidi ya 146,000 zilitolewa katika mji huo mmoja, mji ambao kila avenyu ina kanisa na ambao sheria yake ilikuwa bado ile ya 1940 peke yake. Kwa hiyo kuna watu wengi sana wanaopiga makofi mchana na kutafuta njia usiku, na sidhani ni wanafiki wote. Wengi wao wanachukia kutoa mimba kwa moyo wao wote, mpaka siku yule anayetapika asubuhi ni binti yao wa darasa la nane. Mwanasiasa anayehesabu makofi tu hajawajua watu anaotaka kuwaongoza.

Anasema Marekani wamefuta. Mahakama Kuu ya Marekani, Juni 2022, ilifuta uamuzi wake wa 1973 uliokuwa ukilinda haki hiyo nchi nzima. Haikupiga marufuku, ilirudisha jambo kwa majimbo, na sasa kuna jimbo linalokataza karibu kabisa na jimbo la jirani linaloruhusu. Lakini kwa nini aende mbali hivyo? Avuke mpaka pale Kasumbalesa. Zambia ilitangazwa nchi ya Kikristo mwaka 1991 na Rais Chiluba, baadaye neno hilo likaingia katika Katiba yao. Na tangu 1972 Zambia ina sheria inayoruhusu mimba itolewe kwa sababu za afya, madaktari watatu wakikubaliana. Wazambia wanayajaza makanisa kila Jumapili na sheria hiyo ipo. Sisemi kwamba mambo yao yamenyooka. Kijijini madaktari watatu utawatoa wapi? Ndiyo maana huko pia wanawake wanaendelea kunywa mizizi huku karatasi ya serikali inasema wanaruhusiwa. Kilichokosekana kwao ni kilekile kilichokosekana kwa yule binti wa miaka 15: mtu wa kumwambia, na mtu wa kumpokea.

Basi kwa bwana yako, chagua saa ambayo hana hasira wala wageni, na usianze na barua. Anza na hili: depite wa jimbo hapigi kura juu ya Code pénal wala juu ya mikataba ya nchi. Hayo ni ya bunge la Kinshasa. Anagombana na mke wake kila usiku kwa jambo ambalo, hata akichaguliwa, halitafika mezani kwake. Litakalofika mezani kwake ni afya ya msingi ya jimbo. Ni vituo kama chako, visivyo na gari la wagonjwa, ambavyo wafanyakazi wake wanachangishana pesa ya taksi usiku wa manane huku mtoto anakauka damu. Mpe hadithi ya dereva na plastiki bila kutaja mtu. Hiyo ni kampeni ya mwaka 2028, na mama wote wa Katuba wataielewa, waliotia saini na wasiotia.

Mkumbushe pia kanisa lake. Wametodisti wana kanuni zao za kijamii zinazokataa utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi, na papo hapo zinakiri kwamba kuna hali ambapo uhai unagongana na uhai. Akiulizwa kwa nini mke wake hakusaini, anaweza kujibu kama Mmetodisti, bila kukuficha wala kukuuza: "Mke wangu ni muuguzi, hatoi majina ya wagonjwa." Jibu hilo halimpotezei kura ya mtu mwenye akili. Na kama kuna kura anazipata kwa kukulazimisha utie jina lako mahali ambapo roho yako imekataa, basi amejua bei ya kura hizo kabla ya kuzipokea, na wewe una haki ya kumwambia hivyo usoni.

Kwenye wasap usijibu. Ukijibu humo, kila neno lako litapigwa picha na kusambazwa bila lile lililotangulia. Nenda kwa kiongozi wa jumuiya ukiwa na mama mmoja mnayeheshimiana, mwombe afute ujumbe ule, na mweleze kwa nini: mtu akisoma "muuguzi anayetetea wauaji" ataogopa kukuletea hata mgonjwa wa kweli wa malaria. Binti yako lakini usimngojeze. Ongea naye leo. Mwambie mama yake alikataa nini na kwa nini, kwa maneno ya wazi, pamoja na lile la mimba yako iliyoharibika kama bado hajui. Ni msichana anayekua katika mji huu; afadhali asikie kwako kwanza.

Ukipata nguvu, peleka kwenye jumuiya karatasi yako. Fupi. Iseme kwamba mtoto au mama akibakwa, aletwe kituoni saa hiyohiyo, asioge kwanza, asifichwe kwanza. Ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Ndani ya siku 5 kuna kidonge cha kuzuia mimba isiingie. Juu ya kidonge utapata ubishi kutoka kwa wale wale, najua, na utaubishia kwa utulivu. Juu ya saa 72 sioni Mkristo wala Mwislamu wa avenyu yenu atakayekataa kuweka jina lake. Kabla ya kuipeleka hakikisha dawa hizo zipo kwenye kabati yenu, maana ukiita watu wakakuta kabati tupu hawatarudi.

Nimeacha yule binti mwisho kwa sababu kwake hakuna siasa.

Mwambie ndiyo. Mwambie hivyo kwanza, bila maelezo, ukimtazama machoni. Kisha, kama anataka kujua Kanisa linasema nini, haya ni ya kweli na unaweza kuyarudia neno kwa neno. Adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa kosa la kutoa mimba haimpati mtu ambaye hajatimiza miaka 16, na yeye ana 15. Na tangu Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondoa dhambi hii katika kitubio. Hahitaji ruhusa ya askofu, wala kumtafuta padri maalumu. Kama anaogopa parokia yenu kwa sababu ya maneno ya watu, mpeleke parokia nyingine ya mji, katika komini ya Kamalondo au ile inayoitwa Kenya, siku ya kati ya juma. Hakuna atakayemwomba kadi. Muulize pia kama analala usiku, kama anakula, na kama kuna mtu nyumbani anayempiga kwa jambo hili. Na juu ya mpangaji, mwambie mama yake kwamba kubaka mtoto ni kesi, Kolwezi siyo nje ya nchi, na cheti cha hospitali kitunzwe vizuri.